Mafua ya Mama na Maziwa ya Mtoto: Hofu Hii Ilitoka Wapi?



Baridi ya Julai ikifika, hata huku kwetu Siakago tunakojulikana kwa jua kali, mafua hupita nyumba hadi nyumba. Mtoto wa shule huleta, baba hupata, na mwishowe mama aliye na kitoto kichanga pia huanza kupiga chafya. Hapo ndipo swali huzuka: je, mama mwenye mafua anyonyeshe? Wengine humwambia aache mpaka apone. Wengine husema maziwa yake yameingiwa na baridi, au kwamba mtoto atanyonya ugonjwa. Basi mama huyo huchukua kikombe cha maziwa ya ng'ombe, huyaongeza maji, na kumpa mtoto wa miezi miwili.

Jibu tutalitoa mapema ili usilisubiri: ndiyo, mama mwenye mafua anyonyeshe, usiku na mchana, kama kawaida. Virusi vya mafua havimfikii mtoto kwa njia ya maziwa. Vinapita kwa chafya, kwa kikohozi, na kwa mikono iliyogusa kamasi. Lakini jibu peke yake halitoshi kuondoa hofu. Hofu ina mizizi, na mizizi yake iko katika historia. Kwa hiyo leo turudi nyuma pamoja, tuone binadamu alijifunza nini juu ya maziwa ya mama mgonjwa, na ni wapi alipotoshwa.

PANYA WA MWAKA 1892

Kwa karne nyingi watu waliona kwamba mtoto anayenyonya huugua kidogo kuliko asiyenyonya, lakini hawakujua sababu. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aliyeitwa Paul Ehrlich alifanya jaribio rahisi kwa panya. Alichukua panya majike aliokuwa amewapa kinga dhidi ya sumu fulani, na wengine wasio na kinga. Walipozaa, akabadilisha watoto. Watoto wa jike asiye na kinga wakanyonyeshwa na jike mwenye kinga. Watoto hao wakapata kinga, ingawa mama yao mzazi hakuwa nayo. Ilikuwa imetoka wapi? Ilitoka katika maziwa. Mwaka 1908 Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili.

Binadamu si panya, na mambo yetu yako tofauti kidogo. Mtoto wetu hupokea kinga nyingi ya damu akiwa bado tumboni. Lakini maziwa yana kazi yake nyingine. Mwaka 1961 huko Sweden, mtafiti Lars Hanson alionyesha kwamba maziwa ya mama yana kinga ya namna ya pekee, ambayo leo wataalamu huiita IgA. Kinga hii haiingii sana katika damu ya mtoto. Inapaka koo lake, pua yake na utumbo wake, kama vile unavyopaka ukuta chokaa. Kijidudu kikija hakipati mahali pa kushika.

Mwaka 1975 Hanson na wenzake walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Wanawake waliokaribia kujifungua walikunywa vijidudu visivyo na madhara. Baadaye, katika maziwa yao ya kwanza yale ya manjano, zilikutwa chembe zinazotengeneza kinga dhidi ya vijidudu hivyo hivyo. Maana yake ni nini, mama? Ni kwamba mwili wako ukikutana na kijidudu kwa njia ya tumbo au pumzi, chembe za kinga husafiri mpaka kwenye matiti na kutengeneza dawa ya kijidudu kile kile. Ukipata mafua leo, maziwa yako ya siku zinazofuata yanabeba kinga ya mafua hayo. Duka la dawa haliuzi kitu kama hicho.

Tena fikiria hili. Mtu huanza kuambukiza wengine hata kabla kamasi haijaanza kutoka. Kwa hiyo siku unayojijua una mafua, mtoto wako tayari amekwisha kuvuta hewa hiyo pamoja nawe. Ukimwachisha siku hiyo, humkingi na ugonjwa. Unamnyang'anya ngao wakati vita vimeanza.

HOMA KUBWA YA MWAKA 1918

Wazee wetu waliwahi kuona homa ya mafua iliyo mbaya kuliko yote. Ni ile ya mwaka 1918, mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba 1918, ikapanda bara kwa reli na kwa watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Inakadiriwa kwamba iliua watu wapatao 150,000 katika nchi yetu.

Nyakati hizo hapakuwa na maziwa ya kopo katika vijiji vyetu. Mtoto wa mama mgonjwa alikuwa na titi la mama yake, au alitegemea maziwa ya mnyama na uji. Mama hakuwa na maswali mengi juu ya chupa, kwa kuwa chupa haikuwepo. Swali la kuacha kunyonyesha kwa sababu ya mafua madogo lilipata nguvu pale tu palipopatikana kitu cha kuweka mahali pa titi. Basi na tuangalie kitu hicho kilikujaje.

KOPO NA CHUPA

Unga wa kwanza wa kulisha watoto ulianza kuuzwa Ulaya katika miaka ya 1860. Mmoja wa waliouanzisha ni Henri Nestlé, huko Uswisi, mwaka 1867. Kwa mtoto aliyefiwa na mama yake unga huo ulikuwa msaada. Lakini biashara haikuishia kwa yatima. Katika karne ya 20 makampuni yalianza kuutangaza kwa kila mama, hata yule mwenye maziwa tele.

Wa kwanza kupaza sauti alikuwa daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Yeye ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza juu ya ugonjwa wa kwashiorkor, alipokuwa akifanya kazi Ghana katika miaka ya 1930. Mwaka 1939 alikuwa Singapore. Aliona watoto wengi wakifa baada ya kuachishwa titi na kupewa maziwa matamu ya kopo. Akasimama mbele ya mkutano wa watu wakubwa wa mji, akahutubia kwa kichwa kisemacho kwamba maziwa hayo ni mauaji. Hakuwaogopa wafanyabiashara waliokuwa wakimsikiliza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, daktari Derrick Jelliffe alifundisha katika chuo cha Makerere, Kampala, katika miaka ya 1960. Yeye na wenzake waliona watoto waliodhoofu kwa chupa. Jelliffe alisema wazi kwamba upo utapiamlo unaoletwa na biashara. Katika hospitali ya Mulago kulifunguliwa kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa kumlisha mtoto aliyedhoofu kwa vyakula vya nyumbani kwake.

Kwa nini chupa iliua? Si kwamba unga wenyewe una sumu. Ni kwamba unga unahitaji maji safi, kuni za kuchemsha, chupa iliyooshwa vizuri na pesa za kununua kopo lingine. Wewe unayeishi huku Mbeere unajua bei ya mtungi wa maji wakati wa kiangazi. Unajua mama anavyotembea mpaka mtoni na punda. Maji hayo yakichanganywa na maziwa, na chupa ikikaa kwenye joto letu saa tatu au nne, mtoto atapata kuhara. Tena kopo likikaribia kwisha, mama hupunguza kipimo ili lifike mwisho wa mwezi, na mtoto hunywa maji meupe tu.

Mwaka 1974 shirika moja la Uingereza, War on Want, lilichapisha kijitabu cha Mike Muller kuhusu jambo hili, na dunia ikashtuka. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé. Hatimaye, mwezi wa Mei 1981, Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo. Nchi 118 ziliunga mkono, na moja tu, Marekani, ikapinga. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 1983, na mwaka 2012 Bunge letu likapitisha sheria kamili ya kusimamia uuzaji wa maziwa hayo. Ndiyo maana leo muuguzi haruhusiwi kukupa kopo la zawadi kliniki.

Lakini matangazo ya miaka mingi yaliacha mbegu moja mioyoni mwa watu: kwamba maziwa ya mama ni kitu dhaifu, rahisi kuharibika, na kwamba likitokea tatizo dogo kopo liko tayari kuokoa. Mafua ni tatizo dogo kama hilo. Hapo ndipo mzizi wa kwanza wa hofu ulipo.

UKIMWI ULIPOLETA HOFU MPYA

Mzizi wa pili ni wa kweli, na hatuwezi kuuficha. Mwaka 1985 ilijulikana kwamba virusi vya ukimwi vinaweza kupita katika maziwa. Hapa Nairobi, watafiti wakiongozwa na Profesa Ruth Nduati waliwafuatilia akina mama 425 wenye virusi, kati ya mwaka 1992 na 1998. Nusu walinyonyesha na nusu wakatumia maziwa ya kopo, wakipewa na mafundisho, nao walikuwa na maji safi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika miaka miwili, watoto walioambukizwa walikuwa karibu 37 kwa kila 100 kati ya walionyonya, na karibu 21 kwa kila 100 kati ya waliopewa kopo. Lakini vifo vya watoto katika makundi yote mawili havikutofautiana sana. Kopo lilipunguza virusi, na magonjwa mengine yakachukua nafasi.

Nyakati hizo dawa zilikuwa haba, na akina mama wengi waliambiwa waache kunyonyesha. Jirani akiona mama hanyonyeshi, alianza kunong'ona. Na watu wakajifunza fundisho lililopita kiasi: kwamba kila ugonjwa wa mama unapita kwenye maziwa. Sivyo. Ukimwi ni virusi vinavyokaa katika damu na maziwa. Mafua ni virusi vinavyokaa puani na kooni. Usichanganye hayo mawili.

Hata kwa ukimwi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya, mama mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku hunyonyesha. Humpa mtoto maziwa ya titi pekee miezi sita, kisha huendelea pamoja na vyakula vingine, huku mtoto naye akipewa dawa ya kinga na kupimwa. Kama wewe ni mmoja wao, fuata maagizo ya kliniki yako na usiache dawa hata siku moja.

SOMO LA EMBU NA SOMO LA KORONA

Kuna wanaouliza: "Nikiwa mgonjwa sili. Maziwa yatatoka wapi?" Hapa tuna historia ya nyumbani. Kati ya mwaka 1984 na 1986, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa chuo cha California, Marekani, walikaa na familia za Kyeni, hapa Embu. Walipima chakula cha baba, mama na watoto, na kuandika magonjwa yao. Katikati ya utafiti ikaja njaa kuu ya mwaka 1984, ambayo wengi wetu tumesimuliwa na wazazi wetu. Ilionekana kwamba njaa iliwagusa watoto wa shule zaidi kuliko wadogo wao waliokuwa bado wakitambaa na kuanza kutembea. Familia zilimlinda aliye mdogo zaidi.

Mwili wa mama hufanya vivyo hivyo. Mafua ya siku nne au tano yakikunyima hamu ya chakula, mwili utatumia akiba yake na maziwa yataendelea. Kinachopunguza maziwa ni kuacha kumweka mtoto kwenye titi. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukiacha siku tatu, matiti huvimba na kuuma, mengine hupata jipu, na maziwa hupungua. Utapona mafua, lakini utabaki na shida mbili mpya.

Somo la mwisho ni la juzi tu. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Hofu ilikuwa kubwa, na katika nchi kadhaa watoto wachanga walitenganishwa na mama zao hospitalini. Lakini mwezi wa Juni mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilieleza, baada ya kuchunguza ushahidi, kwamba mama mwenye korona aendelee kunyonyesha akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Uchunguzi uliofuata ulikuta kinga ya korona katika maziwa ya akina mama waliougua. Ikiwa kwa korona mama hakuambiwa aache, itakuwaje kwa mafua ya kawaida?

Na akina mama wa Kenya wamesikia. Mwaka 2003, kati ya watoto 100 walio chini ya miezi sita, ni 13 tu waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Kazi hiyo ilifanywa na nyinyi wenyewe, pamoja na wahudumu wa afya waliopita vijijini kwa miguu. Tusiipoteze kwa sababu ya chafya.

SASA UFANYE NINI?

Ukipata mafua, mama, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kumshika mtoto, na kila baada ya kupenga kamasi. Kama maji ni haba, tumia kibuyu chirizi.

2. Funika mdomo na pua kwa kitambaa safi au barakoa unaponyonyesha. Geuza uso ukitaka kupiga chafya. Usimbusu mtoto usoni siku hizo.

3. Fungua dirisha. Usikae na mtoto jikoni kwenye moshi wa kuni, kwa maana moshi huumiza kifua chake.

4. Kunywa uji, supu, maji na chai. Limau na asali ni nzuri kwako wewe, lakini asali usimpe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

5. Kwa homa na maumivu ya kichwa unaweza kumeza paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku. Usimeze aspirini. Dawa za kukausha mafua zenye pseudoephedrine huweza kupunguza maziwa, na dawa za kikohozi zenye codeine huweza kumlewesha mtoto mpaka apumue kwa shida. Kila uingiapo duka la dawa, sema kwanza: "Ninanyonyesha."

6. Usinunue dawa za kuua bakteria kwa ajili ya mafua. Mafua ni virusi. Dawa hizo haziyagusi.

7. Muguka si dawa ya mafua. Kile kinachokuchangamsha hupita kwenye maziwa na kumfikia mtoto.

8. Ukilemewa kabisa, kamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe safi chenye kifuniko, na mtu mwenye afya amnyweshe mtoto kwa kikombe, si kwa chupa. Katika joto letu, yatumike kabla ya saa nne kupita.

Na wewe baba, usikae tu ukingoja mama apone. Teka maji, pika uji, mbebe mtoto baada ya kunyonya ili mama alale. Nyanya naye atusaidie: badala ya kushauri titi liachwe, amshike mkono mama na kumwekea mtoto kifuani.

LINI UKIMBIE HOSPITALINI?

Mtoto akipata mafua na pua yake ikaziba, mfute na umnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Lakini mpeleke mara moja kwenye zahanati au hospitali ya Siakago ukiona:

- anakataa kunyonya au hawezi kunyonya;
- anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi miwili, au mara 50 au zaidi akiwa na miezi miwili hadi kumi na miwili;
- kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi;
- ana degedege, au amelegea na haamki vizuri;
- ana joto jingi, au amekuwa baridi, naye hajafikisha miezi miwili.

Usingoje asubuhi. Nimonia haingoji.

Nawe mama, nenda upimwe ikiwa homa haishuki kwa siku tatu, ikiwa unapumua kwa shida, ikiwa titi ni jekundu na linauma, au ikiwa kikohozi kimefika wiki mbili. Kikohozi cha muda mrefu huenda ni kifua kikuu. Hata hapo usiache kunyonyesha kwa kujiamulia. Kuna dawa zako na kuna dawa za kumkinga mtoto. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto unapokwenda.

KUMBUKA

Mafua hayapiti kwenye maziwa. Kinga ya mafua ndiyo inayopita. Mtu akikuambia maziwa yako yameingiwa na ugonjwa, mweleze kwa upole yale uliyoyasikia leo, kisha mweke mtoto kwenye titi.

Kata ukurasa huu ukipenda, umpe jirani aliyejifungua karibuni.